Seli hazifanyi mgawanyiko

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika baiolojia ya seli na molekuli, naishi Kisumu. Tasnifu naiandika kwa Kiingereza, lakini maelezo ya ridhaa tutakayowasomea wakazi wa Ahero kabla hawajatolewa damu yatakuwa ya Kiswahili. Niandike "seli" au "chembe hai"? Nimeambatisha sentensi moja uniangalizie.

JIBU: Andika "seli". Asili yake ni Kilatini, "cella", chumba kidogo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kwa hadubini gome la mti unaotengenezewa vizibo vya chupa, akaona vijumba vimepangana, akaviita hivyo. Sisi tumelichukua kwa Waingereza pamoja na seli ya polisi, kwa hiyo angalia usije ukamwambia mzee kwamba seli zake zitafungiwa Kisumu. "Chembe hai" si kosa. Ila mama wa Ahero aliyewahi kukaa kwenye foleni ya kliniki anazijua zaidi "chembechembe nyekundu za damu", na fomu yako inasomewa yeye. Swali limekwisha.

Sasa hiyo sentensi. Nainukuu nzima ili wasomaji nao waumie: "Tutafanya utoaji wa damu, tufanye utenganishaji wa seli, kisha tutafanya ukuzaji wa vimelea ili kuona jinsi vinavyofanya mgawanyiko."

"Fanya" mara nne, mwanangu! Kitenzi hiki kimekuwa punda wa wasomi wetu, kila mzigo anabebeshwa yeye. Watafiti hawatafiti tena, wanafanya utafiti. Mawaziri hawazuru Nakuru, wanafanya ziara. Ugonjwa wenyewe naujua ulikotoka: Kiingereza cha ripoti za maabara hupenda kukigandisha kitendo kiwe nomino, halafu kitafutiwe kitenzi kisicho na ladha cha kukisukuma. Kiingereza kina sababu zake. Wewe huna.

Tuchukue huo "mgawanyiko". Baba akifariki, wazee huwagawia wanawe shamba. Wana wakiwa na adabu, hugawana. Wakikosa adabu, korti huligawanya. Na ukoo, baada ya mawakili kulipwa, hugawanyika. Mzizi ni mmoja, "gawa", na kila mnyambuliko unakwambia ni nani kamtenda nani na ni nani kaachwa mikono mitupu. Sijapata kusikia, hata katika matanga yenye ugomvi mkali, ukoo umefanya mgawanyiko. Seli nazo hugawanyika. Kimelea cha malaria aina ya Plasmodium falciparum kinapoingia katika chembe nyekundu ya damu hukaa humo kwa saa 48 hivi, kikijigawa mpaka kizae vimelea vipya 16 hadi 32. Kisha chembe hupasuka, vikamwagika kutafuta chembe nyingine, na homa ikapanda. Hujigawa, hupasuka, humwagika. Hakuna mahali nilipomhitaji punda.

Kuna jambo jingine, na hili si la urembo wa lugha. Hizi ni karatasi za ridhaa. "Tutafanya utoaji wa damu": damu ya nani? Anatoa nani? Nomino yako imemficha mtu ambaye unamwomba ruhusa. "Tutakutoa damu" inamtaja kwa silabi moja, "ku", naye atajua mara moja kwamba sindano inamjia yeye wala si jirani. Hapo ndipo anaweza kukubali au kukataa.

Ningeandika hivi: "Tutakudunga sindano mkononi tutoe damu kidogo. Maabarani tutatenga chembechembe nyekundu, tukuze vimelea vya malaria vilivyomo, tuone vinavyogawanyika." Ni ndefu kidogo kuliko yako, na haihitaji mkalimani.

Sikatazi kila "fanya". Fanya kazi, fanya biashara, fanya hima: hizo tumezikuta. Na "kufanya PCR", yaani kunakili DNA (vinasaba) maabarani mara nyingi, nakuachia, kwa shingo upande, kwa sababu PCR ni jina la shughuli nzima, kama vile mtihani. Lakini ukianza kuieleza, rudi kwenye vitenzi. Mbinu hiyo iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, ikampa Nobeli ya kemia mwaka 1993, husimulika bila taabu: unaipasha DNA joto hadi nyuzijoto 95 za Selsiasi hivi, kamba zake mbili zikaachana, unapoza, vianzio, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala, vikanata, unapandisha tena hadi 72, kimeng'enya kikajenga upya upande uliokosekana. Kila mzunguko nakala huwa maradufu, na baada ya mizunguko 30 DNA moja, kwa hesabu ya karatasini, imepita nakala bilioni. Wale wa CRISPR, mbinu ya kukata na kurekebisha DNA, nao waambie jeni huhaririwa. Wakikuletea "kufanya uhariri wa jeni", warudishie karatasi.

Kuhusu "kuruni jeli", ambayo najua mnaisema huko maabarani kutwa: semeni tu, mkiwa peke yenu na mlango umefungwa. Katika maandishi, DNA hupitishwa kwenye jeli kwa umeme, vipande vidogo vikatangulia na vikubwa vikachelewa.