Uliza Fundi: Diski ya Kasi, Prosesa Isiyoikubali

Shikamoo dada fundi. Ninaunganisha kompyuta ya gemu kidogo kidogo kadiri mshahara unavyoruhusu. Nina mazabodi ya B550, prosesa ya Ryzen 5 5600G na kasha. Dukani nimeshauriwa nichukue SSD ya NVMe ya TB 1 ya PCIe 4.0, iliyoandikwa MB 7,000 kwa sekunde, pamoja na kipande kimoja cha RAM ya DDR5 cha GB 16 kwa kuwa ndiyo mpya. Kadi ya grafiki nitaongeza baadaye, nafikiria Radeon RX 6500 XT. Vitakubaliana?
*Msomaji wa Pasua, Moshi*

Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza kabla pesa haijatoka. Kati ya vitu vitatu ulivyotaja, kimoja hakiingii kabisa, na viwili vitaingia lakini hutapata kasi unayoilipia.

RAM kwanza. Mazabodi yako ya B550 inatumia RAM za kizazi cha DDR4 tu. Pengo kwenye meno ya DDR5 liko mahali tofauti, haitakaa kwenye sloti, na mtu akiilazimisha ataiua mazabodi. Tena usinunue kipande kimoja cha GB 16, nunua viwili vya GB 8. 5600G ina grafiki ndani yake ambazo hazina kumbukumbu yake, zinaazima RAM. Vipande viwili vinafungua chaneli mbili, yaani prosesa inasoma vyote kwa pamoja, na mpaka utakapopata kadi, hapo ndipo gemu litakapokimbia au kusuasua.

Sasa diski. PCIe ni njia inayopitisha data kati ya prosesa, diski na kadi, na kasi ya 3.0 ni nusu ya 4.0. Kwenye boksi la mazabodi yako imeandikwa PCIe 4.0, na ni kweli, lakini 5600G inaishia PCIe 3.0. Sloti ya kwanza ya M.2, yaani tundu la SSD hizi bapa, imeunganishwa moja kwa moja na prosesa, kwa hiyo prosesa ndiyo inayoamua. Sloti ya pili, kama unayo, inapitia chipu ya mazabodi, ambayo kwenye B550 nayo ni 3.0. Ile SSD ya 7,000 itafanya kazi bila kuharibika, ila itakwenda kama MB 3,500 kwa sekunde.

Na 3,500 inakutosha, nakuhakikishia. Ukitoka kwenye hadi diski (ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka) inayosoma MB 150 hivi kwa sekunde ukaenda SSD ya SATA, yaani inayotumia njia ya zamani ya diski, ya 550, tofauti unaiona kwa macho. Ukitoka hapo kwenda NVMe, yaani SSD inayopita PCIe, gemu nyingi zinawahi kufunguka kwa tofauti ya sekunde chache tu, kwa sababu prosesa nayo ina kazi ya kufungua mafaili yaliyobanwa. Chukua PCIe 3.0 ya TB 1. Usishuke mpaka GB 500: gemu kubwa za sasa zinazidi GB 100 kila moja.

Muulize muuzaji kama chipu zake ni TLC (biti tatu kwa kila seli) au QLC (biti nne), na uchague TLC. Huku kwetu watu wengi tunahamisha gemu kutoka diski ya rafiki ili tusimalize kifurushi, na ni kwenye kunakili mafaili makubwa namna hiyo QLC huanza vizuri, halafu sehemu yake ya haraka ikijaa, kasi inazama. Angalia pia meno ya diski. NVMe kwa kawaida ina pengo moja. Ukiona mapengo mawili, soma lebo vizuri, huenda ni M.2 ya SATA.

Kadi ya RX 6500 XT naomba uiache. Ina kumbukumbu ya GB 4 na inatumia njia nne tu za PCIe. Kwenye 3.0 upana wa njia hizo unapungua nusu, na zile GB 4 zikijaa, kadi inalazimika kuvuta data kutoka kwenye RAM kupitia hapo hapo penye wembamba. Gemu litakuwa linakwamakwama. Subiri mishahara michache zaidi upate RX 6600: GB 8, njia nane, wati 132. AMD wanaipendekezea pawa saplai ya wati 450. Nunua yenye jina, na uhakikishe ina waya wa pini 8 wa kadi. Zile zinazokuja bure ndani ya kasha mimi sizifungi kwenye kompyuta ya mteja.

Dada, nina hadi diski ya TB 2 iliyotumika. Naweza kuwekea gemu?
*Msomaji wa Usa River*

Za zamani, ndiyo. Mpya, hapana: Cyberpunk 2077, kwa mfano, tangu 2023 inataka SSD hata kwenye kiwango cha chini. Ichomeke kwanza na ufungue CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski na saa ilizowashwa. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 40,000 imezunguka zaidi ya miaka minne na nusu bila kupumzika. Na kama sekta zilizohamishwa (sehemu mbovu ambazo diski imeziacha na kutumia za akiba) si sifuri, usiiwekee kitu unachokipenda. Ukiifunga pamoja na NVMe mbili halafu isionekane, soma kitabu cha mazabodi kabla hujairudisha dukani. Kwenye mazabodi nyingi, sloti ya pili ya M.2 ikitumika, baadhi ya matundu ya SATA yanazimwa.

Nimenunua SSD ya TB 1, Windows inaonyesha GB 931. Nimeibiwa?
*Msomaji wa Ngarenaro, Arusha*

Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu GB 1 kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu kuwa baiti 1,024 × 1,024 × 1,024, ambazo ni nyingi zaidi, ndiyo maana namba inapungua. Wizi uko kwenye diski za nje za “TB 16” zinazouzwa kwa bei ya flashi. Zimedanganywa ndani zionyeshe ukubwa ambao hazina, na faili likipita uwezo wake wa kweli linapotea. Kubaliana na muuzaji kwamba utairudisha ikishindwa, kisha endesha H2testw, programu ya bure ya kupima diski: inaijaza diski yote na kuisoma tena. Itachukua saa nyingi, iache ifanye kazi usiku.