Nina cheti cha yoga, sasa wanataka niwapeleke kambi

SWALI: Habari Dada. Mi ni mwalimu wa nasari hapa Jinja, Uganda, mwaka jana nikamaliza kozi ya yoga ya masaa 200, sasa kila Jumamosi asubuhi nafundisha kwa ua wa jirani, wanakuja watu saba nane hivi, akina mama wa mtaa na wengine wa benki. Wameanza kunisumbua eti tuende kambi ya wikiendi mahali patulivu, ziwa Bunyonyi ama maporomoko ya Sipi. Mwenzangu ananiambia bila cheti cha masaa 500 siruhusiwi, nitashtakiwa. Ni kweli? Na bei naipangaje, naogopa nikitaja kubwa watakimbia.
Mwalimu wa Jumamosi, Jinja

JIBU: Mdogo wangu, huyo anakutisha bure. Hayo mambo ya 200 na 500 yanatoka kwa utaratibu wa Yoga Alliance, chama cha Marekani kilichoanza 1999, wao wanaandikisha shule na walimu wanaotaka kuandikishwa, basi, hawatoi leseni ya serikali. Watu wako unawajua, unajua nani ana presha na nani goti linamsumbua, na hiyo ndo inanipa moyo kuliko cheti. Hata hivyo wajazishe karatasi kabla ya safari, ugonjwa, dawa, ujauzito, namba ya ndugu wa kupigia. Na kusimama kwa kichwa uache kabisa huko, mwenye presha ya damu ama presha ya macho hafai kupinduliwa, na wengine wataficha.

Sasa sikia, kambi ni kulisha watu na kuwalaza. Yoga utafundisha labda masaa matatu kwa siku, masaa yaliyobaki wewe ndo meneja: huyu hana blanketi, yule hali nyama, mwingine anakoroma mwenzake kakataa chumba. Kama hiyo kazi huiwezi tafuta mtu wa kukusaidia na umlipe, usimchukue shoga yako umwambie atakula bure, kesho yake utamkuta amelala kwenye mkeka mbele ya wateja.

Bei basi. Gawa matumizi mafungu mawili. Tuseme kitanda na chakula siku mbili ni shilingi 300,000 kwa kila mtu (mfano tu, ulizia mwenyewe), alafu kuna yale ambayo hayabadiliki hata waje wangapi: gari la kukodi 900,000, mpishi 300,000, na kitanda na chakula chako wewe 300,000, jumla 1,500,000. Wakija kumi kila mmoja anabeba 150,000 ya hayo, anakugharimu 450,000. Wakija sita anakugharimu 550,000. Wengi wanapiga hesabu ya kumi, wanatangaza 450,000, wanakuja sita, anaemalizia lile pengo la 100,000 kwa kila mtu, yaani 600,000, ni mwalimu na mshahara wake wa nasari. Wewe piga hesabu ya sita, weka na ujira wako juu, usione haya. Nusu walipe mapema kwa simu, na uandike kwenye grupu la WhatsApp kwamba anaejitoa wiki ya mwisho harudishiwi.

Mahali mi nasema Sipi. Kutoka Jinja unapita Iganga, Tirinyi, Mbale, unapanda Kapchorwa, lakini Bunyonyi lazima uvuke Kampala, Masaka, Mbarara mpaka Kabale, siku nzima imeisha barabarani na watu wameshuka wamevimba miguu. Nenda Januari, kukavu na shule bado zimefungwa. Kule mlimani usiku kuna baridi, na mwili ukilala chali mwisho wa darasa unapoa haraka, kwa hiyo kila mtu na blanketi lake. Majani yana umande asubuhi, na siafu wapo, omba veranda ama banda lenye sakafu. Chakula hakina shida, matoke, maharage, mchuzi wa njugu, dodo (mchicha), ila waamke wafanye kwanza ndo wale. Mtu aliyeshiba matoke ukimwambia ajikunje atakuchukia.

SWALI: Dada, mi ni Muislamu, naogopa yoga ni ibada ya watu wengine lakini mgongo unaniuma na rafiki zangu wananivuta. Niende?
Mama Halima, Bombo

JIBU: Mama Halima, asili yake India na mambo ya roho yamo, anaekuambia hayamo kabisa anakudanganya. Ila walimu wengi wa hapa wanafundisha kunyoosha mwili na kupumua tu. Mpigie mwalimu kabla hujalipa muulize, mtaimba Om, ile sauti yao takatifu? Mtasoma mantra, yale maneno ya ibada ya kurudiarudia? Akikuzungusha achana nae. Akisema zipo lakini unaweza kukaa kimya, hapo ni juu yako na shehe wako. Huo mgongo lakini auone daktari kwanza, hasa kama maumivu yanashuka mpaka mguuni.