Kulala kwa hema Mlima Kenya: njia, baridi na meko

SWALI: Sisi ni marafiki wanne wa Thika. Tumepanda Longonot na Elephant Hill, sasa tunataka kufika Point Lenana, kilele kimojawapo cha Mlima Kenya, mwezi wa Januari, na tunataka kulala kwenye mahema yetu wenyewe, si kwenye mabanda. Tuna siku nne. Tumeambiwa njia ya Naro Moru ndiyo fupi. Tuna mahema mawili ya kawaida, magodoro ya kujaza hewa, blanketi za Kimasai na meko ya mtungi wa gesi. Vinatosha? Na je, maharage tubebe makavu?

JIBU: Dada, nianze na njia, maana hapo ndipo safari nyingi huharibika kabla hema halijakunjuliwa. Aliyewaambia Naro Moru ni fupi hakuwadanganya. Ila mimi nikipanga safari huangalia kwanza mtu atalala mita ngapi usiku wa kwanza, na ngapi usiku wa pili. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kwa Naro Moru mtalala Met Station, mita 3,050, na kesho yake Mackinder's, kama mita 4,200. Hapo mmeruka zaidi ya mara mbili ya kanuni, tena mmepita kile kinamasi cha Vertical Bog ambacho mvua ikinyesha kinawameza miguu. Wengi huamkia Mackinder's wakishika vichwa, na saa ya kuelekea kileleni ikifika hawatoki hemani.

Piteni njia ya Sirimon. Lango lipo mita 2,650, kambi ya Old Moses 3,300, na Shipton's kama 4,200. Najua utaniambia 900 nayo ni nyingi. Ni kweli, ndiyo maana nawaomba mlale Old Moses usiku mbili. Siku ya katikati pandeni bila mzigo hadi mita 3,800 hivi, mkae saa moja mkinywa chai, mrudi mlale chini. Hilo linahitaji siku ya tano. Mkiipata, teremkeni kwa Chogoria, upande wenye Gorges Valley na Ziwa Michaelson. Kwangu hakuna upande mzuri kuliko huo mlima mzima. Agizeni gari la fowili mapema liwasubiri upande ule, kwa sababu kutoka lango la Chogoria hadi mjini ni kilomita zipatazo 30 za msitu wenye nyati na ndovu. Siku ya tano ikikosekana, rudini kwa Sirimon mlikoingilia.

Kichwa kikiuma kidogo kwa sababu ya hewa nyembamba ya juu ni kawaida. Kikiendelea baada ya maji, dawa na mapumziko, msipande. Mwenzenu akianza kuyumba kama mlevi, au akihema akiwa ameketi tu, mteremsheni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kuhusu Diamox, dawa ya kuzuia maradhi ya mwinuko, muoneni daktari kabla ya safari, na mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie.

Sasa vifaa. Januari ni kiangazi, na ndiyo sababu usiku wake ni mkali: mawingu hayapo, joto lote linapaa. Shipton's maji huganda. Blanketi ya Kimasai ni nzuri mabegani jioni, lakini haitakulaza. Na godoro la hewa ndilo linaloponza wengi. Mtu hujifunika juu tabaka tatu kumbe baridi inampanda kutoka chini, kwa sababu hewa iliyo ndani ya godoro lile inazunguka na kupeleka joto la mwili wako ardhini. Tandikeni chini yake mkeka mwembamba wa sponji ngumu, ule unaokunjwa kama jamvi. Ni wa bei nafuu na hautoboki. Mabegi ya kulalia mnaweza kukodi Nanyuki. Kwenye lebo kuna viwango viwili au vitatu vya joto. Fuateni kile cha kulala kwa starehe, na kiwe nyuzi 10 chini ya sufuri. Kile cha chini kabisa maana yake ni kwamba hutakufa, si kwamba utapata usingizi.

Mahema ya kawaida yatafaa mradi yawe na turubai la nje linalofika karibu na ardhi. Shipton's ni mawe, vigingi haviingii, kwa hiyo bebeni kamba za ziada mfunge kwenye mawe. Msijenge kando ya kijito bondeni hata kama pamesawazika vizuri. Hewa baridi huteremka usiku na kutuama hapo. Pandeni hatua chache pembeni. Halafu acheni matundu ya hewa wazi. Najua mkono utawasha kufunga kila zipu, lakini pumzi za watu wawili zitageuka maji, maji yatageuka barafu ndani ya turubai, na asubuhi mkiligusa litawanyeshea mabegi. Chupa ya maji ilazeni kichwa chini, barafu huanzia juu, mtaamka kifuniko kingali kinafunguka.

Meko iacheni Thika. Mtungi wa kilo 6 ukipima na chuma chake ni mzigo wa mtu mmoja. Nunueni mitungi midogo ya kufungia jiko la kambi, yenye mchanganyiko wa gesi ya propani, kwani butani tupu hugoma kugeuka mvuke baridi ikikaribia sufuri. Kule juu kanieneo ndogo ya hewa huisaidia kiasi, lakini alfajiri moto bado unakuwa wa kusinzia. Laleni na mtungi ndani ya begi la kulalia. Na msipike ndani ya hema hata mvua ikinyesha: moshi wa jiko usioonekana unaua, na nailoni inashika moto upesi sana.

Maharage makavu yatawachosha. Kwenye mita 4,200 maji huchemka yakiwa nyuzi 86 hivi, kwa hiyo yatatokota usiku kucha, gesi itakwisha, na bado yatakuwa yakigonga meno. Chemsheni githeri nyumbani, muile Old Moses. Juu zaidi bebeni uji, tambi, chapati, njugu, na chochote mnachokipenda kwa dhati, kwa sababu hamu ya kula hupotea. Shipton's chakula kifungwe: pimbi wa pale hawaogopi mtu, na chapati iliyoachwa mlangoni mwa hema ni yao.

Moto wa kuni msiwashe. Nyasi na vichaka vya kule huwaka haraka, na mlima umeungua vibaya mwaka 2012 na tena 2019. Maji ya chupa za plastiki za kutupa yamepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, basi bebeni chupa za kudumu na dawa ya kusafishia maji ya kijito.

Chukueni pia kiongozi aliyesajiliwa (mniwie radhi, ndiyo kazi inayonilisha, lakini ukungu wa saa nane mchana hautofautishi wageni na wenyeji). Ada za hifadhi lipeni kwa eCitizen kabla ya kuondoka nyumbani, pamoja na za kupiga kambi kila usiku, kwa sababu langoni hawapokei pesa taslimu.