Je, ndege ni reptilia?

SWALI: Mhariri, kitabu kimoja cha biolojia kinawaweka ndege na reptilia katika ngeli mbili tofauti, ilhali kingine kinadai kwamba ndege wamo ndani ya kundi la reptilia. Kipi kimekosea?
Mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna kilichokosea, ingawa vyote viwili vilipaswa kukueleza vinaainisha kwa kigezo gani. Cha kwanza kinafuata mkondo wa Carl Linnaeus wa Uswidi, aliyepanga viumbe kwa sifa za maumbile yao. Katika toleo la mwaka 1758 la kazi yake aliwapa ndege ngeli yao, na mamba akamtia katika jenasi moja (kundi dogo la spishi zinazofanana) na mijusi, jambo ambalo kwa macho linaridhisha kabisa.

Cha pili hakitazami sura bali nasaba. Njia hiyo ilifafanuliwa mwaka 1950 na Willi Hennig, mtaalamu wa wadudu wa Ujerumani, aliyeshikilia kwamba kundi halali ni lile linalomjumuisha babu mmoja pamoja na wazao wake wote, bila kumbagua yeyote. Hapo ndipo mamba anapoleta utata: babu aliyemzaa yeye na ndege aliishi miaka ya karibu zaidi kuliko babu anayemuunganisha na mijusi, hivyo ukimwita mamba reptilia pamoja na mijusi huna namna ya kuwaacha ndege nje. Magamba anayoshiriki na mjusi hayathibitishi udugu wa karibu, kwa kuwa ni urithi wa kale ambao ndege nao wanao miguuni.

Wapo pia waliotaka kuhesabu sifa nyingi kwa uzito sawa, kama wanabiolojia Sokal na Sneath mwaka 1963, lakini ulinganishaji wa molekuli ndio uliotikisa mambo zaidi. Mwaka 1977 wanasayansi Carl Woese na George Fox, kwa kulinganisha RNA ya ribosomu (molekuli iliyomo katika sehemu za seli zinazotengeneza protini), waliwatenga arkea, viumbe vidogo vya seli moja, kutoka kundi la bakteria, ijapokuwa kwa hadubini wanafanana mno. Vilevile tunajua leo kwamba kuvu wana udugu wa karibu zaidi na wanyama kuliko mimea.

Mimi naegemea nasaba, kwa sababu dai la udugu linaweza kupimwa upya kila ushahidi unapopatikana. Hata hivyo, hoja ya mwanabiolojia Ernst Mayr haipuuziki: uainishaji unaohesabu matawi peke yake hauonyeshi ni kwa kiasi gani ndege wamebadilika tangu walipoachana na ukoo wa mamba.