Chuo kina ithibati, je, programu nayo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni nesi, Mtanzania niishiye Texas. Nimepata nafasi ya kusomea udaktari wa saikolojia tiba (PsyD) katika chuo cha Kikristo. Chuo kina ithibati, lakini wenzangu kazini wanasema shahada ya chuo cha kanisa haitanipa kazi popote. Niende?

JIBU: Marahaba, dada. Wenzako wamekosea. Fuller, seminari ya Pasadena, ilianzisha skuli yake ya saikolojia mwaka 1965, na vyuo vya Kikristo vya Wheaton na George Fox vinafundisha udaktari huu wenye ithibati kamili. Msalaba getini haumzuii mtu kupata leseni.

Kinachonitia hofu ni hilo la "chuo kina ithibati". Kila mwaka nalisikia, na kila mwaka kuna anayelilipia kwa machozi. Ithibati ya chuo kazi yake kubwa ni kukuwezesha kupata mkopo wa serikali. Ya programu, yaani ya kozi yenyewe unayosomea, ni nyingine, na hutolewa na tume ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA. Bila hiyo, hospitali za wanajeshi wastaafu (VA) kwa kawaida hazikubali kukuajiri, nafasi nzuri za mafunzo ya vitendo ya mwaka wa mwisho zinakupita, na bodi za leseni za majimbo zinakusumbua kwa makaratasi. Mtu wa udahili akikuambia "tuko mbioni kuomba", usimlipe hata senti.

Programu yenye ithibati inalazimika kutangaza kwenye tovuti yake gharama, miaka ya kumaliza, walioacha njiani, waliopata mafunzo ya vitendo na waliopata leseni. Anza na hayo mawili ya mwisho.

Kuhusu dini, APA inakiruhusu chuo kuchagua wanafunzi kwa imani, mradi sera hiyo iwe wazi kwa umma. Kwa hiyo soma kiapo cha imani na kanuni za mwenendo kabla ya kusaini. Waulize pia wanakufundishaje kumhudumia mgonjwa Mwislamu, asiye na dini, au shoga. Wakianza kuzungukazunguka, tafuta kwingine.

Afadhali hata hao. Wanaonichosha ni wauza "Udaktari wa Ushauri wa Kikristo" wa miezi michache, wanaotangaza kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili huku. Florida, kwa mfano, inaviruhusu vyuo vya dini kutoa shahada za dini bila leseni ya jimbo, na wajanja wameliona pengo. Shahada hiyo haimfanyi mtu mwanasaikolojia, lakini mwenye nayo anajiita Daktari, anaweka ofisi nyuma ya kanisa, anamwambia mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, aache vidonge afunge siku tatu. Mgonjwa huyo anarudi kwetu kwa ambulansi. Mchungaji kuwaombea na kuwafariji waumini ni kazi yake halali, na wengi wanaifanya vizuri. Ila anayetoza pesa kama mwanasaikolojia mwombeni namba ya leseni, kisha itafuteni wenyewe kwenye tovuti ya bodi ya jimbo. Ni bure.