Kwa nini Heinrich von Plauen alipinduliwa na wenzake?

Umeuliza iweje aliyeiokoa Marienburg, ngome kuu ya Wateutoni (shirika la mashujaa Wakristo wa Kijerumani lililotawala Prussia), mwaka 1410 atupwe kifungoni. Ni deni, ndugu yangu. Baada ya Wateutoni kupigwa na Wapolandi na Walithuania huko Grunwald, aliuchoma mji ulio chini ya ngome ili adui asipate pa kujificha, akastahimili mzingiro wa miezi miwili, akachaguliwa Mkuu wa Wateutoni. Lakini amani ya 1411 ilidai fidia ya groshi (sarafu za fedha) milioni 6 za Prague! Akakamua watu kodi, na Danzig, mji wa bandari chini ya utawala wao, ilipogoma, meya wake akauawa. Mwaka 1413 akaamuru vita tena dhidi ya Poland. Jemadari wake Küchmeister akawarudisha askari, kisha akamng'oa. Naona walimwonea, ingawa damu ya Danzig siwezi kumtetea.