Kabla ya Kukata Bima ya Nyumba, Uliza Maji Yataingilia Wapi

Nikiletewa hati ya bima ya nyumba niisome, na siku hizi ndugu na majirani huniletea sana, sianzii ukurasa wa kwanza. Naenda moja kwa moja kwenye orodha ya mambo ambayo kampuni haitalipa.

Moto na radi kwa kawaida vimo, havinisumbui. Kazi ipo kwenye maji. Mvua ikipitia paa lililoezuliwa na upepo, mikataba mingi inalipa. Maji yakitambaa kutoka mtoni hadi sebuleni, hayo ni mafuriko, na mafuriko mara nyingi hukatiwa bima yake peke yake. Baada ya kimbunga Katrina nchini Marekani mwaka 2005, wenye nyumba wengi walifikishana mahakamani na kampuni za bima wakibishania jambo hilohilo: nyumba iliangushwa na upepo au na bahari? Kwa hiyo ukiwa pwani usiishie kuuliza kama kimbunga kimo. Uliza upepo, kisha uliza maji.

Na usitulizwe na maneno "mafuriko ya miaka 100". Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Ndani ya mkopo wa miaka 30, uwezekano wa kupatwa angalau mara moja unafika kama asilimia 26. Kwa hesabu hiyo mimi nalipia. Ila usingoje mawingu yatande: bima ya mafuriko ya serikali ya Marekani, kwa mfano, kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa.

Ardhi nayo ina vituko vyake. Tetemeko, maporomoko na udongo unaotitia mara nyingi hutengwa kwa pamoja. Ukiongeza bima ya tetemeko, tazama kiasi utakachobeba mwenyewe, kwa kuwa aghalabu huhesabiwa kwa asilimia ya thamani iliyokatiwa bima, si ya hasara. Kikiwa asilimia 10 na hasara haifiki hapo, hupati kitu. Bima hiyo si ya nyufa. Ni ya siku nyumba inapolala chini.

Halafu kuna kiasi cha bima yenyewe. Kata kwa gharama ya kujenga upya, si kwa bei uliyonunulia pamoja na kiwanja. Ukikata asilimia 60 tu ya thamani, mikataba mingi hupunguza fidia kwa uwiano huohuo: hasara ya milioni 20 hulipwa 12. Wakala akikwambia "usijali, kila kitu kimo", mwombe akuandikie, akitaja janga mojamoja.